15W-40 au 5W-30 kwenye pickup ya kazi: nimwagie ipi?

Usukani_Mgumu
Wakuu, habari za kazi. Jumamosi nabadilisha oili ya pickup, na safari hii nataka kuchagua mwenyewe, sio kupokea dumu lolote nitakaloletewa. Fundi wangu ni mtu wa 15W-40, hataki kusikia nyingine. Shemeji yangu ana gari kama hili hili, anatia 5W-30 sintetiki na anasema asubuhi inawaka bila kelele. Zote mbili nazipata. Nitie ipi?

FundiSpana
Ndugu yangu, mbona hujatuambia kitu? Petroli au dizeli? Ina turbo? Ya mwaka gani, imetembea kilomita ngapi? Kwenye ekzosi kuna DPF, yaani kile kichujio cha masizi? Inakula oili? Inabeba mzigo au inakupeleka kazini na kukurudisha? Bila hayo tutabishana hapa hadi Jumamosi ipite.

Mzee_wa_Mizigo
Tia 20W-50, kijana. Nimeendesha pickup za dizeli tangu zile zisizo na turbo, na sijawahi kutia maji kwenye injini. 5W-30 ukiimimina unaiona kabisa inavyokimbia kama maji. Chuma kinataka oili yenye uzito.

FundiSpana
Mzee shikamoo. Hapo kwenye "maji" naomba tusipotoshe wasomaji. Namba ya kwanza, yenye W, ni ya baridi tu. Oili ya 5W hupimwa jinsi injini inavyoweza kuizungusha kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 15W kwenye 20 chini ya sifuri. Namba ya pili ndiyo uzito wake ikishapata moto, na hupimwa kwenye nyuzi 100. Oili ya 30 inatakiwa iwe kati ya 9.3 na 12.5 sentistoki (kipimo cha uzito wa oili), ya 40 kati ya 12.5 na 16.3. Kwa hiyo 5W-30 ni nyepesi zaidi ya 15W-40 hata injini ikiwa ya moto, hilo nakubali, lakini sio maji. Na usipime oili kwa kuitazama inavyomiminika ikiwa ya baridi. Kinachohusu chuma ni ile tabaka inayobaki kwenye beringi injini ikiwa imechemka na gari linapanda mlima.

Mzee_wa_Mizigo
Marahaba. Sawa, lakini injini iliyolegea ukiitia nyepesi presha inashuka. Hilo nimeliona kwenye geji kwa macho yangu, si la kuambiwa.

FundiSpana
Hilo kweli, mzee, sikupingi. Ndiyo maana namuuliza kilomita na hajibu.

Usukani_Mgumu
Samahani wakuu, nilikuwa barabarani. Ni Hilux ya 2008, dizeli lita 2.5 D-4D, injini 2KD, ina turbo. Nimechungulia chini, DPF haina. Kilomita 280,000 na kidogo, mimi nimeinunua ikiwa na 240,000. Nabeba mchanga na mbao, siku nyingine inalala tu. Oili inapungua: toka servisi moja hadi nyingine naongeza kama nusu lita. Navusha hadi kilomita 8,000 au 9,000 ndipo nabadilisha.

Rada_ya_Barabara
Hapo sasa pana maneno. Kabla ya uzito, geuza dumu usome herufi ndogo za nyuma. API, yaani alama ya daraja la oili, ikianza na S hiyo imelenga petroli: SN, SP. Ikianza na C ni ya dizeli: CI-4, CJ-4, CK-4. Dumu nyingi zina zote mbili, angalia ipi imetangulia. Kwa injini yako chukua CI-4 au CK-4, ziko juu ya kile ilichodai ilipotoka kiwandani. Ila ukiona FA-4 iache. Ilianza pamoja na CK-4 mwishoni mwa 2016, lakini ni nyepesi kwa makusudi, imetengenezewa injini mpya za malori, sio za zamani kama yako.

Na huna DPF, kwa hiyo usijitese kutafuta zile zenye majivu kidogo za ACEA C3, daraja la oili la Ulaya. Hizo ni za kulinda kichujio kisizibe.

Mama_Karoti
Kaka, mimi nakuomba usahau namba kwa dakika moja uangalie filta. Nitaeleza kirefu kwa sababu limenigharimu injini nzima.

Nilibadilishiwa oili asubuhi, oili nzuri kabisa, sintetiki, dumu limefunguliwa mbele yangu. Nikapakia gunia za karoti nikaondoka. Kama nusu saa hivi taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikajiambia oili si imetiwa leo, itakuwa waya wa sensa. Mbele niliona mti wenye kivuli, nikasema nifike pale nisimame vizuri. Ilikuwa kilomita moja na nusu, labda. Kabla sijafika nikasikia kugonga, kwanza kama mtu anabisha hodi kwa kidole, halafu kama nyundo. Nilipozima haikuwaka tena.

Nilishuka nikatazama nyuma: mstari mweusi barabarani, umenyooka hadi kule nilikotokea. Chini ya gari kote kumelowa, hadi mkia wa ekzosi unatoa moshi.

Fundi mwingine ndiye aliyeifungua ile filta. Akanitilia mkononi mipira miwili. Mmoja mpya, laini, umevimba upande mmoja. Wa pili bapa, mgumu kama ngozi iliyokauka, una alama ya filta ya zamani. Filta ya zamani ilipotolewa, mpira wake uliganda kwenye injini, filta mpya ikafungwa juu yake. Mipira miwili haikai. Presha ikipanda unachomoka na oili yote inarushwa nje kwa dakika chache tu. Beringi za kranki zilikuwa zimeyeyuka zikajipaka kwenye chuma.

Tangu siku hiyo natoka nyumbani na kitambaa. Filta ikitolewa nainama mwenyewe, napangusa pale inapokaa hadi nione chuma kitupu, kisha naiomba filta ya zamani nione mpira wake uko humo. Gari likiwashwa nabaki nimechuchumaa naangalia kwa dakika nzima. Mafundi wengine wanachukia. Wachukie.

Rada_ya_Barabara
Pole sana dada. Taa nyekundu ya oili ikiwaka mwendoni unazima hapo hapo, hata kama ni katikati ya barabara. Kivuli hakina maana.

Mama_Karoti
Najua sasa, kaka.

Kinanda_77
Mimi nakaa upande wa 5W-30 sintetiki. Turbo ina shafti inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na inaelea juu ya oili tu. Asubuhi ukiwasha, oili inayofika haraka ndiyo rafiki yake. Na sintetiki haiungui upesi ukizima turbo ikiwa ya moto.

Mzee_wa_Mizigo
Turbo ya moto haizimwi ghafla, basi. Unaiacha inguruma dakika moja mbili ndipo unazima. Hilo halihitaji sintetiki, linahitaji subira. Halafu injini ya 280,000 ukiitia sintetiki inaanza kuvuja kila kona.

FundiSpana
Mzee, sintetiki haitoboi sili. Inaweza kuosha uchafu uliokuwa umeziba pale sili ilipokwisha, ndipo uvujaji unajionyesha. Ugonjwa ulikuwepo.

Usukani, kinachonisumbua mimi ni nusu lita yako. Si nyingi kwa umri huo, lakini inakwenda wapi? Kesho asubuhi mtu asimame nyuma wakati unawasha. Moshi wa buluu ukitoka mara ya kwanza kisha ukapotea, sili za valvu. Ukitoka unapokandamiza mafuta na mzigo, angalia ringi au turbo yenyewe: toa bomba la hewa upitishe kidole uone kama kumelowa. Moshi usipokuwepo kabisa, tandika boksi chini usiku.

Na 9,000 kwa kazi ya mchanga ni nyingi. Vumbi, mzigo, kulala siku kadhaa, hayo yote vitabu vya magari huyaita matumizi magumu na hutaka upunguze muda. Mimi ningemwaga kila 5,000, na kwa mwendo huo 15W-40 ya CI-4 inatosha kabisa.

Kinanda_77
Au 5W-40 sintetiki, upate zote mbili: inafika haraka, na ikiwa ya moto ina uzito ule ule wa 40.

Usukani_Mgumu
Jamani sasa zimekuwa tatu! Nimetoka kuangalia stiki, oili ni nyeusi tii na nilibadilisha wiki tatu tu zilizopita, kama kilomita 2,000 nyuma. Hiyo sio dalili mbaya?

Rada_ya_Barabara
Ngoja. Ulibadilisha wiki tatu zilizopita halafu Jumamosi unabadilisha tena?

Usukani_Mgumu
Ndiyo, kwa sababu ile sijui ilikuwa oili gani. Lilikuwa dumu lililokwisha kufunguliwa. Ndicho kilichonileta hapa.

FundiSpana
Hilo ndilo ungeanza nalo ndugu yangu. Umefanya vizuri kuimwaga. Weusi wenyewe usikutishe, dizeli hutoa masizi na oili nzuri huyabeba. Sugua tone kati ya vidole: ukisikia chengachenga, au ukiona rangi ya maziwa, au inanuka dizeli na imepanda juu ya alama, hapo njoo tuongee.

Usukani_Mgumu
Haina chenga, haijapanda. Na kuna taa nyingine, ya T-BELT, nimeikuta inawaka toka nanunua. Aliyeniuzia alisema ni ya kawaida.

Mama_Karoti
Ee kaka!

FundiSpana
Hiyo ni taa ya mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha valvu na pistoni. Haipimi mkanda, inahesabu kilomita tu. Fundi akibadilisha mkanda anairudisha mwanzo kwa mkono. Inawezekana mkanda ni mpya na taa haikurudishwa, inawezekana pia haujaguswa muda mrefu. Ukikatika, pistoni na valvu zinakutana. Kwenye kifuniko cha mkanda mafundi wengi hubandika karatasi yenye kilomita. Ipo?

Usukani_Mgumu
Nimeenda na tochi. Kuna alama ya gundi tu, karatasi haipo.

Mzee_wa_Mizigo
Basi Jumamosi anza na mkanda, kijana. Oili baadaye. Na ukifika huko bado nasema 20W-50.

Kinanda_77
5W-40.