Naomba ushauri: flashi mbili, rangi mbili kwenye uso mmoja

Wakuu, habari zenu. Kamera iko 1/125, f/8, ISO 100, RAW, WB (mizani ya weupe, inayosahihisha rangi ya mwanga) nimeifunga Kelvini 5500. Flashi zikizimwa picha inatoka nyeusi tii, kwa hiyo taa za chumba hazihusiki.

Flashi moja iko ndani ya softiboksi (boksi lenye kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga), nyingine kwenye mwavuli wa studio. Shavu la upande wa softiboksi (nguvu 1/2) lina umanjano, la upande wa mwavuli (1/16) lina ubuluu. Kadi ya kijivu ikielekea softiboksi inasomeka 5200, ikielekea mwavuli 5900. WB moja haiwezi kutibu zote mbili. Nikisawazisha shavu moja, lingine linaharibika zaidi.

Flashi ni za modeli moja, aina inayokata mwako mapema, na hizi hugeuka buluu nguvu ikishushwa. Kitambaa cha softiboksi nacho kimezeeka, kina umanjano hata kwa macho.

Je, nianze na kitambaa? Au nisogeze mwavuli mara mbili ya umbali ili nguvu ipande hadi 1/4, ingawa mwanga utakuwa mkali ukingoni mwa vivuli? Pengo la rangi ni kama mired 23 (kipimo cha tofauti ya rangi ya mwanga), karibu sawa na jeli ya 1/8 CTO (plastiki ya rangi ya chungwa hafifu inayowekwa mbele ya taa) kwenye flashi ya mwavuli. Aliyewahi kuitumia kwa picha za ngozi nyeusi, rangi inabaki safi?