Msitu, mto na magofu kwa siku moja kutokea Moshi: inawezekana?

NjiaYaMiguu

Wakuu, habari za jioni. Tuko kikundi cha watu 14 hapa Moshi, wengi walimu, mdogo ana miaka 25 na mkubwa 62. Mwezi wa 7 tunataka kutembea siku nzima kwa miguu. Mlima hapana, na mbuga ya kukaa garini hapana. Tunatafuta msitu wa asili, mto, na mahali penye historia, ikiwezekana magofu hasa. Tuna Kosta moja. Nimetajiwa Engaruka, Rau na Old Moshi. Wanaozifahamu naomba muda, viatu, maji, vibali na yale yanayoharibu safari.

MfongoWaJuu

Mkuu, ukisema magofu, kanda hii jibu ni Engaruka. Ila iondoe kwenye hesabu ya siku moja. Moshi hadi Arusha ni kilomita 80, Arusha hadi Makuyuni nyingine 80, kisha Mto wa Mbu, na kutoka hapo unaingia barabara ya Ziwa Natron ambayo ni vumbi, mawe na makorongo. Kosta iko chini mno kwa makorongo yale. Ikigusa tumbo mmekwama, na msaada uko mbali. Laleni Mto wa Mbu, asubuhi mkodi gari la juu, muanze kutembea kabla ya saa 1. Kufika saa 4 ni kosa kubwa, maana chini ya ukuta wa Bonde la Ufa hakuna upepo na mawe yanarudisha joto usoni.

Kinachofanya pale pastahili siku mbili ni namna mto na magofu vinavyoelezana. Mto Engaruka unatoka kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, kwenye misitu inayonasa ukungu na mvua, unashuka kwenye korongo na kutokea kwenye tambarare kavu. Kati ya karne ya 15 na ya 18 kulikuwa na wakulima waliochepusha maji hayo kwa mifereji ya mawe hadi kwenye mashamba ya takriban hekta 2,000. Vijiji vyao saba vilikuwa kwenye mteremko, juu ya mashamba, ili ardhi yenye maji isiliwe na nyumba. Kila kitu kimepangwa kwa mawe makavu, bila chokaa.

Mgeni akifika bila maelezo huona mawe tu, akarudi amekasirika. Kwa hiyo jifunzeni kutofautisha. Ukiona sehemu bapa kwenye mteremko, mbele yake pana ukuta mfupi wa mawe na nyuma imechimbwa ndani ya kilima, hicho ni kiwanja cha nyumba. Ukiona mistari miwili ya mawe inayokwenda sambamba na kushuka polepole mno, ni mfereji. Simama mwisho mmoja uutazame kwa urefu, utaona jinsi walivyoshika kiwango. Mistari mifupi inayogawa ardhi miraba ni mipaka ya mashamba, na marundo ya mawe ni yale yaliyookotwa shambani ili jembe lipite. Duara kubwa la ukuta mnene katikati ya mashamba, wataalamu wengi wanaliona kuwa zizi. Waliwafungia ng'ombe, na samadi ikarudi shambani. Kuna mifereji inayoanzia kwenye vijito ambavyo leo havina maji ya kudumu, na hapo ndipo swali la kwa nini watu walihama linapoanza. Nenda na mwongoza njia wa kijijini, na ifuateni mifereji kuanzia mtoni kwenda chini, yaani mtembee kama maji yalivyotembea. Mkianzia tambarareni hamtaelewa kitu.

Msipande juu ya kuta. Jiwe moja likitoka, yaliyo juu yake yanafuata, na ukuta uliosimama miaka 300 unaanguka kwa uzito wa mtu mmoja anayetaka picha. Ni mali inayolindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hata kipande cha kigae usitie mfukoni.

Maji lita 3 kila mtu, siyo 1.5. Viatu vya soli ngumu, kwa sababu miba ya migunga inatoboa raba nyepesi. Usiingize mkono kati ya mawe: nyoka aitwaye kifutu hulala humo, na hakimbii ukimkaribia.

Shamba_la_Kihamba

Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu Engaruka, lakini kwa siku moja na Kosta, unganisha Rau na Old Moshi. Ila nianze kwa kukutoa matarajio: Old Moshi siyo magofu. Ni mahali pa historia nzito ambapo watu wanaishi.

Rau ianze, tena mapema. Fika saa 12 na nusu asubuhi. Mbega wanapokea jua la kwanza juu ya miti na sauti yao inasikika mbali. Ikifika saa 3 wameshuka ndani ya majani na hamtawaona. Msitu huu upo karibu kabisa na mji, na unaishi kwa maji ya chini ya ardhi: mvua inayonyesha Kilimanjaro inapenya kwenye miamba ya volkano na kutokea huku chini kama chemchemi. Ndiyo maana ni mbichi hata mwezi ambao Moshi nzima ina vumbi. Mtaona mvule mnene ambao watu kadhaa wanahitajika kuukumbatia, na msoo, mti ambao duniani unapatikana sehemu chache sana.

Maji hayo hayo ndiyo yanayowaangusha watu. "Kiangazi" cha Rau kina tope. Vaeni buti au raba zenye meno, na suruali iingie ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Mkiona mstari mweusi njiani, rukeni, msisimame kuutazama. Miti ya ardhi yenye maji mizizi yake haiendi chini sana, basi msipumzike chini ya mti ulioinama au wenye tawi kavu. Na zile maganda za manyoya ya kahawia zinazoning'inia ni upupu, asiguse mtu.

Msitu ni hifadhi chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Mtalipia kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo malizeni siku moja kabla; mtandao ukisumbua asubuhi mnapoteza saa nzima getini. Chukueni mwongozaji. Njia za ndani zinafanana, na za wakata kuni zinaishia popote. Kutoka msituni fuateni mfereji hadi mashamba ya mpunga, saa tatu kwa jumla zinatosha bila haraka. Tembeeni juu ya kingo mstari mmoja, kwa sababu kingo ikibomoka maji ya mwenye shamba yanapotea.

Saa 5 pandeni Kosta kupitia Kiboriloni kwenda Old Moshi. Kuna sababu ya mpangilio huu: mchana tambarare inachoma, huko juu kuna ubaridi. Huko, sehemu iitwayo Tsudunyi, kuna mti aliponyongewa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wenzake 18. Mwaka 1892 yeye ndiye aliyewashinda Wajerumani, na walirudi mwaka uliofuata na jeshi kubwa zaidi. Fuvu lake linaaminika kupelekwa Ujerumani na ukoo bado unalidai. Pale ni msibani. Ombeni ruhusa kwa wenyeji, vueni kofia, na acheni gome la mti.

Kutoka Tsudunyi hadi Kidia, kwenye usharika ulioanzishwa na wamisionari wa Leipzig mwaka 1896, tembeeni kando ya mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachagga. Hiyo kwangu ndiyo kazi ya kale yenye thamani kuliko jengo lolote la Mjerumani, kwa sababu maji bado yanapita. Msioge humo wala kuosha viatu. Mfongo una zamu, na kuna mtu anasubiri maji hayo chini. Masale mtakayoyaona, ile mimea ya majani marefu, ni mipaka, msiyang'oe.

NjiaYaMiguu

Asanteni sana, mmenifungua macho. Mzee wetu wa miaka 62 ana goti bovu. Huko Old Moshi ataweza? Na mwezi wa 7 mito ikoje?

Shamba_la_Kihamba

Mzee apande kwa miguu, ashuke kwa gari. Wengi hufanya kinyume wakidhani kushuka ni rahisi, lakini goti linaumizwa na kushuka, hasa ule udongo mwekundu ukilowa manyunyu. Mpeni fimbo inayofika kwenye kiuno, na Kosta iwasubiri Kidia.

Tengeru_Mashariki

Mwalimu, ikiwa goti ni baya kweli, kuna njia ya tatu: Duluti. Msitu wa asili unaozunguka ziwa la kreta, njia ina kivuli na karibu yote ni tambarare, na iko kando ya barabara kuu ya Arusha. Huko pia mnalipia TFS. Jirani yake, ndani ya chuo cha mifugo Tengeru, kuna makaburi ya wakimbizi wa Poland waliofika mwaka 1942. Kambi yao ilikuwa na watu wapatao 5,000. Jiandikisheni kwenye geti la chuo. Upungufu wake ni mto: Duluti ni ziwa.

MfongoWaJuu

Kuhusu mito: mwezi wa 7 iko chini na mnavuka kwa mawe bila shida. Hatari ni Machi hadi Mei, na tena Novemba na Desemba, ambapo mvua inanyesha juu mlimani huku nyie mko kwenye jua. Dalili ni maji kubadilika rangi kuwa kahawia na majani makavu kuanza kuelea. Mkiona hivyo tokeni kwenye kitanda cha mto papo hapo, kila mmoja upande alioko, hata kama kikundi kimegawanyika. Maji hayo huwa yanapungua ndani ya saa chache, na anayejaribu kuwafuata wenzake ng'ambo ndiye anayechukuliwa.