Tanga 1914 mezani: mm 28, plastiki za 1/72, au wale wadogo wa mm 6?

MwanaChumbageni
Wakuu, heshima kwenu. Miaka mitatu napaka rangi sanamu ndogo za Wafaransa wa Napoleon kwa michezo ya vita ya mezani. Juzi nikipita njia ya Raskazone nikajiuliza: mimi mtoto wa Tanga nahangaika na Waterloo ya nini, na vita viko uani kwetu? Nataka kuweka mezani Novemba 1914. Waingereza na Wahindi wao kama 8,000 wanashuka pwani, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana kama 1,000 tu, na waliorudi melini mbio ni wale 8,000. Meza yangu ni hii ya kulia chakula, futi 6 kwa 4, na mama watoto anaitaka kila saa mbili usiku. Mngechukua sanamu za urefu gani? Na nisome nini kabla sijatoa hela? Nawasilisha.

FundiBrashi
Mm 28, mkuu, hata sijadili. Uso unaonekana, vifungo vinaonekana. Foundry, watengenezaji wa sanamu za chuma, wana mkusanyo wa Afrika ya karne ya 19 aliouchonga Mark Copplestone, mpaka leo nikiushika natabasamu. Wajerumani na askari wao wamo, ukiwafanyia marekebisho kidogo wanafika 1914.

Ila piga hesabu kwanza. Kampuni moja ya askari wa Mjerumani ilikuwa na watu kama 160. Sanamu moja ikisimama badala ya watu 20, kampuni ni sanamu 8, raha kabisa. Sasa geukia upande wa pili: sanamu 400! Utapaka mpaka wajukuu waje wakusaidie. Mm 28 inakufaa ukichukua kipande tu cha vita, mfano pale reli ilipochimbiwa chini kabla ya kuingia mjini.

Mzee_wa_Kepi
Vijana, mmeruka plastiki kana kwamba ni za watoto. Sisi wengine tulianzia kwa sanamu za plastiki za Airfix, na bado nina kopo limejaa. Hawajawahi kutoa askari wa Tanga, lakini walitoa Jeshi la Kigeni la Ufaransa, kofia ina kitambaa kinachofunika shingo. Askari wa Mjerumani naye alivaa tarbushi yenye kifuniko cha kaki na kitambaa nyuma. Unakata ule ukingo wa mbele kwa wembe, unapaka kaki, umemaliza. Ukiwatazama kwa umbali wa mkono hakuna atakayekuuliza.

Ubaya wake ni plastiki laini: bunduki ikipinda rangi inabanduka. Waoshe kwa sabuni, wakikauka wapake gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji, ndipo rangi. Na tahadhari moja kwa wapenda vya kale: sanamu za chuma za miaka ya 1970, akina Hinchliffe, ni mm 25 za kweli, wembamba. Ukiwachanganya na hawa wa mm 28 wa leo wenye vichwa kama maboga, utadhani baba kapigana na watoto.

BintiMrima
Mimi nasimama na mm 6, na sababu yangu si bei. Tanga si vita vya sura, ni vita vya watu wengi waliopotea kwenye mashamba ya minazi na miti ya mpira. Kundi la mm 6 likikimbia linaonekana ni kundi. Kwa 28 unaona watu wanne tu wamepigwa butwaa.

Tena usiwafanye Wahindi wote wawe waoga kama wanavyosimulia watu barazani. Kikosi cha Kashmir kiliingia hadi mjini pamoja na Waingereza wa North Lancashire, wengine ndio waliovunjika. Kila kikosi kipe moyo wake kwenye kanuni zako.

Na moshi! Askari wengi wa Lettow walibeba Mauser ya 1871, baruti yake ilitoa moshi mzito. Kila kikosi kikifyatua, weka kipande cha pamba mbele yake. Mpinzani anajua ulipo, na wewe huoni kitu.

FundiBrashi
Nyuki je? Usiwasahau nyuki.

BintiMrima
Nyuki waliuma pande zote mbili, kwa hiyo wasiwe wa mtu. Dadu ikitoka 1, kikosi kilicho karibu zaidi na mizinga ya nyuki kinarudi nyuma hatua zote, kiwe cha nani. Kusoma: kumbukumbu za Lettow mwenyewe za 1920, lakini anajisifu mno, mpunguzie nusu. Kisha shika *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima* wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Ni vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani (Wadachi), vya 1888 na 1889, si vya 1914, ila hapo ndipo unamsikia Mdachi anavyoonekana na mtu wa Mrima. Mimi ulinifanya niache Tanga nikahamia Pangani, na huko zile za Foundry zinakaa vizuri bila hata kukata kofia.

Mzee_wa_Kepi
Na wapagazi? Kila mtu anapaka bunduki, hakuna anayepaka mizigo. Vita vile vilitembea kwa vichwa vya watu, Kariakoo ya Dar na ya Nairobi zimepata jina hapo, kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Ukiendelea baada ya Tanga, kikosi kisicho na wapagazi kisisogee.

MwanaChumbageni
Nimeamua: mm 6 kwa Tanga yote, na kopo la Mzee kwa kampuni moja ya kuchezea na mwanangu. Minazi nimeanza leo, waya kwa shina na kamba ya katani iliyochambuliwa kwa makuti. Katani ya hapa hapa. Imetoka mitatu, mmoja umeinama, nimeuacha hivyo hivyo. Sasa nani ana mpangilio mzuri wa treni ya kutoka mji wa Moshi inayoleta wasaidizi wa Mjerumani? Naona ikichelewa zamu mbili, mchezo umekwisha.