MREJESHO: Linki ya 5.8 GHz, kilomita 6, iliyokuwa inakatika mvua ikinyesha

Wakuu, shukrani nyingi. Niliuliza kwa nini linki ya intaneti isiyo na waya kati ya shule na zahanati inasoma -71 dBm (nguvu ya mawimbi yanayopokelewa; namba ikikaribia sifuri ndivyo yalivyo na nguvu zaidi) wakati hesabu inatoa -50 (redio inatuma 23 dBm, antena kila upande inaongeza 25 dBi, na mawimbi yanapoteza 123 dB njiani), na inakufa kabisa mvua ikinyesha.

Aliyesema "kuona mlingoti wa pili kwa darubini hakutoshi" alilenga penyewe. Kwa umbali huo, eneo la Fresnel (nafasi inayozunguka mstari kati ya antena mbili, ambamo mawimbi hupita) katikati ya njia lina nusu kipenyo cha karibu mita 8.8, na asilimia 60 yake, yaani mita 5.3, lazima iwe wazi. Miembe ilikuwa imeingia humo. Mvua yenyewe haili sana masafa haya; majani yaliyolowa ndiyo yanayomeza mawimbi. Tumeongeza bomba la mita 6 upande wa zahanati, tukalifunga kwa waya tatu ili lisiyumbe.

Kisha tukalenga antena upya: zungusha kidogo, subiri namba ya dBm itulie, pita kilele hadi ishuke, ndipo urudi. Usikubali kilele cha kwanza, huenda ni mwale wa pembeni, yaani mwale dhaifu wa antena ulio kando ya ule mkuu. Sasa ni -53, na mvua haikati tena.

Kubana upana wa chaneli kutoka 40 hadi 20 MHz, ili kukwepa mwingiliano wa mawimbi ya wengine, kumesaidia nusu tu. Mchana iko safi, ila jioni kasi bado inashuka kwa sababu ya mwingiliano huo upande wa shule, mjini. Hapo bado napokea ushauri.