Naomba ushauri: Subaru Impreza WRX STI ya 2006, injini inagonga

Wakuu, habari zenu. Nimeipenda sana hii gari ninayotaka kununua, bodi safi, haina kutu. Shida ni mlio. Asubuhi inagonga kwa chini, tok tok tok, nikadhani ni pistoni, maana injini za Subaru za aina ya EJ huwa na kelele hiyo zikiwa za baridi na inapotea zikipata moto. Hii haipotei. Ikishapata moto, nikikanyaga mafuta kidogo halafu nikaachia, ndiyo inazidi.

Fundi wangu anahisi beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) zimekwisha. Anataka tumwage oili tuone kama ina chenga za chuma. Muuzaji hataki kabisa, anapunguza bei tu.

Niichukue nikijua nitafunga injini nyingine ya mtumba, au niachane nayo? Aliyewahi kubadilisha EJ207, ndiyo injini ya hii gari, hapa Dar anisaidie, gharama zikoje?