Nyumba ya urithi Mbezi Beach, milioni 310, muuzaji ana haraka. Mnaoishi huko naombeni ushauri kabla ya Ijumaa

BabaNeema – Jumatatu, saa 3:12 usiku

Wakuu, habari za jioni.

Naandika hapa kwa sababu nimeshauliza ndugu na marafiki, na kila mmoja ananipa jibu la moyo wake, si la nyumba.

Mimi na mke wangu tumepanga Kimara Korogwe miaka kumi na moja. Vyumba viwili na sebule, watoto watatu. Mimi ni fundi wa mashine za kupakulia mizigo, mke wangu ni muuguzi. Mwaka jana tuliuza viwanja viwili vya Kigamboni tulivyonunua 2009, tukachanganya na akiba, tumefika milioni 230. Benki imekubali kutuongezea 80 kama nyumba itapita kwa mthamini wao.

Nyumba yenyewe iko Mbezi Beach upande wa chini. Ukishuka daladala barabara kubwa ya Bagamoyo ni dakika kumi hivi kwa miguu kuelekea baharini. Vyumba vinne, kimoja masta, kibanda cha mlinzi, simtanki mbili juu ya mnara. Kiwanja ni mita za mraba 1,100, kuna mwembe mkubwa na mlangilangi kando ya geti. Tulipoingia mtaa ule mke wangu alinishika mkono. Kimya, kuta nyeupe, pevingi hadi mlangoni, upepo. Neema ana miaka 13, aliingia chumba cha nyuma akakipima kwa hatua, akasema, "Baba, hiki changu."

Majirani wa pale nyumba zao zinatajwa kwa milioni 450 na zaidi. Hii 310. Anayeuza ni kijana wa mwenye nyumba. Anasema mzee alifariki 2021 na familia nzima imekubaliana. Hati ipo, nimeonyeshwa picha yake kwenye simu. Nyumba imepakwa rangi upya ndani na nje. Dalali anasema kuna mtu wa Mwanza anakuja na fedha taslimu, hivyo nitangulize milioni 30 Ijumaa ili "kuishika".

Kitu kimoja tu kimenikaa. Mke wangu aliposimama jikoni alinusa, akaniambia kwa sauti ndogo, "Hapa pana unyevu." Dalali akajibu nyumba imefungwa muda mrefu. Ilikuwa jua kali, sikuona tone la maji popote.

Je, 310 ni bahati, au kuna jambo sijaliona? Niangalie nini?

Kijana_wa_Tegeta – Jumatatu, saa 3:40 usiku

Mkuu, Mbezi Beach chini, kiwanja cha mita 1,100, kwa 310? Mabasi ya mwendokasi yakianza barabara hiyo bei itapaa. Ningekuwa wewe ningelipa kesho asubuhi.

MamaTunu – Jumatatu, saa 5:05 usiku

Baba Neema, hongera kwa kukusanya fedha hizo ukiwa mpangaji na una watoto watatu. Kazi hiyo naijua, sisi tulipanga Sinza miaka tisa. Niko Mbezi Beach tangu 2003, upande huohuo wa chini, na ninayokuandikia nimeyadeki kwa mikono yangu. Usilipe kitu Ijumaa.

Wageni wote wa huku huogopa bahari. Na bahari ina yake, kituo cha Africana unachokipita kimebaki na jina la hoteli ambayo ufukwe wake uliliwa na mawimbi. Lakini maji yanayoingia majumbani mwetu hayatoki mbele, yanatoka nyuma. Yanatoka Goba na Salasala. Nilipohamia, kule juu kulikuwa na mikorosho na mashamba ya mihogo. Sasa ni mapaa na kuta tupu, mvua haina pa kuzama. Inateremka kwa mto Ndumbwi, mto Mbezi na mto Tegeta, na kila mtu aliyejenga ukuta wake ameyasukuma maji kwa jirani. Sisi wa chini ndio wa mwisho.

Jambo la pili ni barabara za mitaa. 2003 ukitoka kwenye geti langu ulikuwa unashuka ngazi tatu hadi barabarani. Wakamwaga kifusi, mwaka mwingine kifusi tena, kisha pevingi. Leo natoka kwangu kwa kupanda. Barabara iko juu, uwanja wangu uko chini, na mvua ikizidi maji yanachungulia getini kabla ya kuingia.

Masika ya 2024 yaliingia saa tisa usiku. Niliamshwa na mbwa, hakuwa anabweka, alikuwa analia. Nikashusha mguu kitandani nikakanyaga maji. Hayana fujo maji hayo, ndiyo yanayotisha. Yanapanda taratibu kama uji unaochemka kwa moto mdogo. Tulimbeba mama mkwe juu ya meza ya chakula. Friji ililala ubavu ikaelea. Asubuhi yalikuwa yameshuka, yameacha mstari wa tope ukutani, umenyooka kama uliopigwa kwa kamba ya fundi, usawa wa goti langu nyumba nzima.

Julai nikapaka rangi. Ungekuja Agosti, wewe na macho yako mawili, usingeona chochote. Kwa hiyo sikwambii rangi mpya ni uongo, maana na mimi nilipaka. Nakwambia tafuta vitu ambavyo rangi haivifuniki.

Angalia soketi za umeme. Hili watu hawalijui. Nyumba ya kawaida soketi ziko chini karibu na sakafu. Aliyewahi kuingiliwa na maji humwita fundi azipandishe hadi usawa wa kiuno. Kama sebuleni kwa huyo kijana soketi zote ziko juu, na chini kuna sehemu zilizozibwa kwa plasta, jibu umelipata. Kisha inama kwenye fremu za milango, upande wa chini kabisa, ubonyeze kwa kucha. Mbao iliyolowa ikakauka huvimba na kucha inazama. Kama kuna kabati lililojengewa ukutani, fungua uangalie mgongo wake, mafundi rangi hawahangaiki kupaka ndani ya kabati. Na ukiona kizingiti cha mlango wa mbele kimeinuliwa kwa tofali moja ambalo halifanani na sakafu, muulize kwa nini.

Fungua na chemba la choo. Huku chini maji ya ardhini yako karibu sana, shimo halinyonyi wakati wa masika. Miezi hiyo unaita gari la majitaka na wiki mbili baadaye unaliita tena. Weka gharama hiyo kwenye hesabu yako ya mwezi, usije ukasema hukuambiwa.

Zaidi ya yote, nenda siku mvua inanyesha, au alfajiri yake. Usiende na dalali. Ongea na mlinzi wa nyumba ya jirani na mama anayeuza vitumbua pale kona. Wao hawana asilimia kwenye mauzo yako.

Simfukuzi mtu Mbezi Beach. Napapenda. Wanangu wote wamekulia hapa, na upepo wa saa kumi jioni siubadilishi na kitu. Lakini hapa nyumba mbili zikiwa mtaa mmoja, moja inakauka na nyingine inazama, na bei ya mtaa haikwambii ipi ni ipi. Ukitaka, njoo na mkeo uone mstari wangu. Upo bado ndani ya stoo, niliuacha makusudi.

Masijala – Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Kaka, Mama Tunu amekwambia ya maji, mimi nikwambie ya makaratasi. Nimefanya kazi za ardhi muda mrefu.

Picha ya hati kwenye simu si hati. Chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, upeleke maombi ya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Utajibiwa kwa maandishi nani ameandikwa mmiliki, kama nyumba iko rehani benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Tazama pia miaka ya hati. Zipo za miaka 33, 66 na 99, na watu wanaangalia namba bila kuangalia ilianza lini. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1994 inaisha 2027.

Kubwa ni hili: marehemu hauzi, na mtoto wa marehemu hauzi kwa sababu tu ni mtoto. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mwombe huyo kijana barua ya usimamizi, kama mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo ni ile fomu namba 4. Nenda na nakala yake mahakamani wakuthibitishie. Jina la msimamizi huingizwa kwanza kwenye daftari la Msajili, ndipo nyumba ihamishwe kwako. Kama hajafanya hivyo, milioni 30 zako zinakwenda kwa mtu asiye na kitu cha kukuuzia.

"Familia nzima imekubaliana" ni maneno. Taka kuwaona wote, na zaidi ya wote mjane. Mzee alikuwa na mke mmoja au wawili? Waliokuwa wakiishi kwenye nyumba hiyo ni akina nani? Niliwahi kuona faili ambamo mnunuzi alikuwa ameshahamia, ameshabadili geti, watoto wameshahamishwa shule, ndipo mama wa kambo akaja na cheti cha ndoa mkononi. Miaka imepita, wako mahakamani bado, na mnunuzi analala kwenye nyumba asiyoweza hata kuiwekea bati jipya.

Kodi usiisahau. Muuzaji hulipa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na wewe una ushuru wa stempu asilimia 1. Akikuomba mkataba uandikwe bei ndogo, kataa. Siku ikitokea kesi, utarudishiwa kilichoandikwa. Na deni la kodi ya pango la ardhi liulizwe mapema, maana uhamisho hautapita nalo.

Kwa kuwa benki yako itatuma mthamini, tumia hilo. Mwambie kijana fedha itatoka baada ya mthamini na upekuzi. Mwenye haki ya kuuza atasubiri.

Dada_Salasala – Jumanne, saa 4:50 asubuhi

Nakubaliana na wote hapo juu. Naongeza dogo. Tuko juu huku, maji hayatuingilii lakini yanakula barabara, na kila masika tunachangishana kuziba makorongo. Kiwanja kinachopakana na mto usikiguse hata kikiwa bure. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye kingo, na mto wenyewe unasogea bila kuuliza sheria. Jirani yetu alinunua akiwa mbali na bonde, leo ukuta wake wa nyuma unaning'inia.

Na mkeo ajipange kwa upweke kidogo. Kimara ukiishiwa chumvi unaita dirishani. Mitaa ya mageti unaweza kukaa mwaka mzima na jirani unamjua kwa gari lake.

BabaNeema – Alhamisi, saa 4:30 usiku

Wakuu, nimerudi. Shikamoo Mama Tunu.

Jana usiku mvua mliisikia wote. Mke wangu alikuwa ametoka zamu ya usiku, nikampitia alfajiri tukaenda moja kwa moja bila kumwambia dalali. Pevingi tulizozisifia zilikuwa mto. Tulivua viatu. Mbele ya lile geti maji yalikuwa yamefika kwenye bawaba ya chini, na chini ya mlangilangi maua ya njano yalikuwa yanazunguka juu ya maji kama kwenye beseni.

Mlinzi wa nyumba ya pili alikuwa anaziba geti la bosi wake kwa viroba vya mchanga. Nilimuuliza kama ni kawaida. Akasema, "Hii ndogo. Ile ya 2024 kijana alilala juu ya paa."

Saa nne dalali akafungua, nikamwambia nimekuja kuangalia umeme. Soketi zote za sebuleni ziko juu. Nikapiga magoti penye plasta, nikahesabu viraka sita. Fremu ya mlango wa chumba cha nyuma, kile cha Neema, nilibonyeza kucha ikazama yote. Mke wangu akafungua kabati la jikoni, akatoa droo ya chini, akamulika kwa simu. Mstari upo. Hakusema kitu, alinishika tena mkono kama siku ile ya kwanza.

Wakati tunatoka, mama mmoja mtu mzima wa nyumba inayotazamana alitufungulia geti tukapitia kwake pakavu. Akauliza kama ndio wanunuzi. Tukasema tunaangalia tu. Akasema, "Na mama yao mdogo wa Muheza, mke mdogo wa mzee, amekubali? Maana arobaini ya mzee alikaa hapa, akaniaga akilia, akasema atarudi kwake." Nilimpigia kijana palepale nikamwomba fomu namba 4 na namba ya simu ya huyo mama. Alinyamaza kidogo, akasema yule hahusiki. Nikamshukuru, nikamwambia Ijumaa nisisubiriwe.

Masijala, Mungu akulipe. Mke wangu amepata namba ya mama wa Muheza kwa yule jirani na amempigia, kwa sababu alisema hatalala akijua nyumba inauzwa na mwenyewe hajui. Hakuwa anajua. Anasafiri kesho kuja Dar.

Neema nimemweleza jioni. Alikuwa ameshachora chumba kwenye daftari, kitanda hapa, meza ya kusomea dirishani. Aliuliza swali moja tu: maji yangefika wapi? Nikamwonyesha kwenye mguu wake. Akachukua kalamu akapiga mstari kwenye ule mchoro.

Mama Tunu, Jumapili baada ya ibada tutakuja watano kuona mstari wako, kama mwaliko bado upo. Dada wa Salasala, naomba uniambie mitaa gani ya huko juu iko mbali na mto, na mnachangishana kiasi gani kwa hayo makorongo.