Nimempa fundi baiskeli abadilishe goroli, kanirudishia baiskeli ya mtu mwingine!

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe nikiandika ovyo.

Kuna fundi hapa Ifakara, jina namhifadhia kwa sasa. Nilimpelekea Phoenix yangu kwa kazi mbili tu: goroli za krenki zilikuwa zinalia, na kotapini (pini inayobana krenki) ya kushoto ilikuwa imelika, pedali inacheza. Kazi ya asubuhi moja, tena ukiwa na chai mkononi. Nikamwachia, nikaenda Mlimba kwenye mambo yangu ya mpunga. Narudi naikuta imesimamishwa mbele ya kibanda chake, NYEKUNDU, inang'aa kama pipi ya kijiti. Jamaa kakenua meno yote: "Bosi, nimekufanyia sapraizi. Sasa hivi mpya kabisa."

Nani alikwambia nataka mpya?

Kapuliza rangi kila mahali. Hata beji ya mbele yenye yule ndege wa Phoenix hakujisumbua kuifungua, kapuliza juu yake, ukikwaruza kwa ukucha ndiyo bawa linaanza kutokea. Mpira wa tyubu niliouzungushia bomba la juu ili gunia lisikwangue fremu kaukata kautupa. Kibati cha leseni cha halmashauri, cha enzi zile baiskeli zinalipiwa kodi, alichokipigilia marehemu baba kwenye madigadi ya nyuma, hakipo. Namuuliza kiko wapi, ananijibu, "Kile si kilikuwa na kutu?" Kutu! Ningekuwa na nguvu ya kumpiga mtu siku ile ningempiga.

Haya, rangi tungegombana yakaisha. Sasa angalieni siti.

Siti yangu ilikuwa ya ngozi, Brooks ya Uingereza, yenye springi mbili nene nyuma na ribiti za shaba. Ilitoka kwenye Raleigh ya baba mkubwa baada ya fremu yake kukatika. Anayejua siti za ngozi anajua: mwanzoni ni ngumu, inakuumiza hadi unailaani, halafu taratibu inabonyea pale mifupa yako inapokaa. Ikishakuzoea imekuzoea wewe, mwingine akiikalia anashuka anachechemea. Nilikuwa naipaka mafuta kila masika yakikaribia, na ikilegea naikaza kwa ile nati ya mbele chini ya pua. Mahali pake kaniwekea siti ya sponji iliyofunikwa plastiki. Eti laini. Ngoja jua la Januari liipige uone kama utaikalia.

Na gurudumu la nyuma. Hapa ndipo nilipojua huyu si mjinga, ni mwizi. Nikahesabu njiti: 36. Langu lilikuwa na 40. Baiskeli za zamani za mtindo wa Kiingereza zilikuja na njiti 32 mbele na 40 nyuma, maana mzigo wote unalala nyuma. Habu (kile kitovu cha gurudumu) ya matundu 40 huwezi kuivalisha rimu ya 36 kila tundu likae sawa. Kwa hiyo hakubadilisha rimu, kabeba gurudumu zima, na habu yake, na njiti zangu nilizozifunga kwa waya pale zinapopishana ili gunia la mpunga lisizivunje. Kunirudishia kaweka bati jepesi ambalo ukilishika kwa mikono miwili linayumba.

Nimempeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti kaizunguka baiskeli, kapiga kengele mara mbili, akasema, "Lakini si imependeza?" Nikaaga nikaondoka.

Wadau wa mjini mnaweza kuona ni baiskeli tu. Huku bondeni kwetu ardhi ni tambarare, na kila mtu, mama kwa baba, anapanda. Mtu anakutambua kwa baiskeli kabla hajauona uso wako. Wengine wanavisha njiti shanga, wengine wanaweka vioo viwili na maua ya plastiki kwenye usukani, kuna binti muuza samaki ana kengele tatu na zote anazipiga. Mimi yangu ilikuwa ya kazi: nondo ya pili imechomelewa kwenye fremu, karia ya nondo yenye ubao wa mninga. Breki za fito za chuma nimekataa miaka yote kuzibadilisha ziwe za waya, maana fito ikipinda unainyoosha kwa jiwe njiani, waya ukikatika unashuka unasukuma. Hiyo baiskeli ilipanda kivuko cha mto Kilombero kabla daraja halijajengwa. Kila mkwaruzo nilikuwa najua ulikotoka. Halafu mtu anaukuta anaona uchafu.

NYONGEZA: Mnaoniambia ninunue pikipiki, pikipiki ninayo. Na wewe unayesema baiskeli ya Swala ya kiwanda cha NABICO ilikuwa imara kuliko Phoenix, fungua uzi wako tubishane huko, leo sina nafasi.

Ninachoomba kwa walio Ifakara, Mang'ula, Kidatu hadi Mlimba: mkiona siti ya Brooks ya kahawia yenye mshono wa uzi wa katani upande wa kulia (niliushona mwenyewe, mbaya, hauwezi kukupita), au gurudumu la inchi 28 lenye njiti 40 zilizofungwa waya, niambieni PM (ujumbe wa faragha). Aliyeuziwa sina ugomvi naye, nitamrudishia hela yake yote aliyotoa. Kibati namba zake nimezikariri, akija nacho mtu nampa na ya soda juu. Ila fundi, ambaye bado ananitumia meseji anadai elfu arobaini ya rangi, hapati hata mia. Na hiyo nyekundu nimeshanunua msasa.